Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Jirani yangu walimwita Taratibu. Jina hilo alipewa karakanani na vijana waliochoka kumsubiri. Kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza kabla ya chai, yeye aliimaliza baada ya chakula cha mchana. Lakini gari alilolifunga yeye halikurudi. Ya wengine yalirudi yakivutwa kwa kamba, na vijana wale wale wakasimama mlangoni wakisema, "Mpelekeeni Taratibu." Alicheka tu. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona amekasirika, mpaka mwaka huu, uzeeni, nyuma ya nyumba yake, na kisa kilikuwa kitambaa.

Tulifanya kazi pamoja karakana ya idara ya maji, yeye fundi, mimi mtunza stoo. Karakana hiyo imeshabomolewa. Pamejengwa ukumbi wa sherehe na watu wanacheza muziki pale tulipokuwa tunashusha injini. Ilikuwa na desturi moja ambayo haikubandikwa ukutani. Fundi akiacha kazi katikati, hata kama anakwenda chooni, alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Maana yake: humu kuna kitu hakijakaa sawa, usiguse. Na mkono uliofunga ndio uliofungua, si mwingine. Vitambaa nilivikata mwenyewe kutoka bendera kuukuu za kuonya watu barabarani. Niliwahi kumwona meneja, mtu mkubwa mwenye haraka zake, ameketi juu ya debe akimsubiri fundi amalize kunawa. Mara moja fundi mmoja aliugua ghafla, lori likakaa na kitambaa chake mpaka akaletwa kwa baiskeli, kajifunika blanketi, akakaza nati iliyobaki, akafungua kitambaa, akarudishwa kitandani. Leo ukimsimulia kijana jambo hilo anakuuliza kwa nini hamkumpigia simu.

Karakana ilipofungwa, vyuma vyake vikauzwa kama chakavu, na Taratibu akaondoka na pikapu ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Ndiyo iliyomleta bintiye nyumbani kutoka hospitali, mchanga wa siku moja, mama yake akiwa amekaa mbele na Taratibu akiendesha kama aliyebeba mayai. Kisha ikakaa nyuma ya nyumba chini ya bati. Kuku walitagia kwenye kiti. Mkewe alifunga kamba ya nguo kutoka kioo cha pembeni hadi nguzo ya ukuta, na hata alipofariki kamba ile ilibaki.

Yule mtoto alikua, akawa mkunga, akaolewa. Siku ya harusi Taratibu alisimama mbele ya watu akawakabidhi maharusi ufunguo wa pikapu. "Haiwaki," alisema, "lakini itawaka." Watu wakacheka na kupiga makofi. Alimaanisha. Binti alikuwa ameahidiwa kazi katika zahanati ya juu mlimani, mahali ambapo barabara inapanda kwa kona za kukata shingo, upande mmoja jiwe na upande mwingine hewa tupu. Mzee alitaka mwanawe apande mlima ule ndani ya kitu alichokikaza kwa mkono wake.

Basi akaanza. Nilivuta kreti langu nikakaa pale kila siku, maana mzee asiye na kazi huishi kwa kutazama kazi ya mwenzake. Alitoa kuku kwanza. Akang'oa sakafu iliyokuwa imelika mpaka unaona majani chini. Akasugua chesisi kwa brashi ya waya, akafungua kabureta akaipanga vipande vipande juu ya gazeti, kila kimoja mahali pake. Siku injini ilipowaka ilikohoa moshi wa buluu, ikatulia, ikaanza kunguruma polepole kama mtu anayeota ndoto nzuri. Taratibu aliweka kiganja juu ya boneti akapangusa macho.

"Sasa unalia?" nikamtania.

"Moshi, ndugu yangu. Moshi."

Hapo ndipo mkwe alipoingia.

Mkwe ni fundi wa simu. Si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu wasomaji wanapenda watu wabaya, na hapa hayupo. Alimpenda mkewe, alimsalimu mzee kwa heshima, alileta sukari kila alipokuja. Lakini alichokijua kuhusu magari alikiona kwenye kioo kidogo kama kiganja, na kwenye kioo hicho kazi ya mwezi mzima huisha kabla maji hayajachemka.

"Baba, hii kitu ni dhahabu!" alisema, akiizunguka. "Ila imekaa chini kama kuku anayeatamia."

"Ilitengenezwa hivyo, mwanangu."

"Ilitengenezwa hivyo zamani."

Mkwe hakemewi. Ukimkemea, anayerudi naye nyumbani ni binti yako, na maneno yako yatamfikia yeye kwanza. Na ufunguo ulikuwa umetolewa mbele ya watu. Ulichotoa mbele ya watu huwezi kukidai tena. Kwa hiyo Taratibu alisema, "Haya." Mkwe akaleta marafiki, wakapachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli kuiinua. Haya. Wakaweka rimu pana na tairi nene za gari kubwa zaidi. Haya. Wakakata ekzosi ili ingurume. Kila haya ilimkunja mgongo kidogo zaidi. Pikapu ikasimama juu, imetanua miguu, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Tairi hizo zinavuta usukani," Taratibu aliniambia pembeni. "Kila shimo litakalokanyagwa, mkuki wake utakwenda kuchoma pale boksi ya usukani ilipofungwa kwenye chesisi. Na pale pana ufa. Niliuona nilipokuwa nasugua. Mdogo. Nilikuwa nitauchomelea bamba."

"Mwambie."

"Nimwambieje? Kwamba kazi yake yote ni ya kubomoa?"

Asubuhi iliyofuata alilala chini ya gari na tochi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunua blanketi akakuta mgonjwa hapumui.

"Ufa haupo," alisema.

"Umeponaje?"

"Wameupaka puti. Na rangi nyeusi juu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliuziba. Ndiyo balaa ya zama hizi; ufa tunauziba vizuri sana.

Mkwe mwenyewe alipoulizwa, kwa upole, alijibu kwa furaha, "Nilikufichia lile kovu, baba. Lilikuwa linaharibu picha."

Taratibu aligeuka. Aliingia ndani, akafungua sanduku lake la spana, akatoa kitambaa chekundu cha mwisho alichokuwa nacho, kimoja kati ya vile nilivyovikata mimi. Akakifunga kwenye usukani kwa fundo letu la zamani. Alichoshindwa kukitamka kwa mdomo alikifunga pale. Kisha tukaondoka sote wawili kwenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta bamba zito.

Hatukupata. Tuliporudi, geti lilikuwa wazi. Chini ya bati palikuwa na doa la oili na nyayo za kuku. Na kwenye kamba ya marehemu mkewe, kimebanwa kwa vibanio viwili, kisafi, kikidondosha maji, kilikuwa kitambaa.

Sijui kwa nini nguo nyekundu iliyofuliwa vizuri inaweza kumtisha mtu mzima. Nilisimama nikiitazama inavyodondosha.

Tulisikia ile ekzosi kabla hatujaiona. Walirudi na vumbi lao, marafiki wamejaa nyuma, mmoja ameshika simu juu akipiga picha. Mkwe akaruka chini.

"Baba! Tumeipandisha mlima wote! Na kitambaa chako nimekufulia, kilikuwa kimejaa grisi."

Taratibu alikwenda kwenye kamba akakitoa. Alikivuta mpaka vibanio vikaruka, ndiyo hasira yenyewe, ya kwanza niliyoiona kwake. Akakifunga tena kwenye usukani kikiwa kibichi.

"Mkono uliofunga," alisema, "ndio unaofungua."

"Sawa, baba. Lakini si tumekwenda na tumerudi?"

Marafiki wakacheka, si kwa ubaya. Tumekwenda na tumerudi. Hoja hiyo hushinda kila siku, isipokuwa siku moja.

Siku ya binti kuripoti zahanati ilifika kabla bamba halijapatikana. Mkwe alishapakia kila kitu: godoro, jiko, sanduku la nguo. Majirani walitoka kumuaga mwana wao. Binti akatoka na sare yake nyeupe, kapiga pasi, akafungua mlango wa pikapu, akasimama.

"Nani kafunga hiki?"

"Mzee na mambo yake ya karakana," mkwe akasema. "Ngoja nikitoe."

"Usikiguse." Akageuka. "Baba, umefunga wewe?"

"Nimefunga mimi."

"Nini hakijakaa sawa?"

"Chesisi imepasuka, pale boksi ya usukani ilipofungwa. Puti imeuficha ufa, haikuuponya."

Akafunga mlango polepole, akavuta sanduku lake kutoka nyuma. "Nakwenda na basi. Godoro litafuata."

"Mbele ya watu wote hawa," mkwe alisema kwa sauti ya chini, "unaniaibisha kwa sababu ya tambara?"

"Tambara hilo limenilea, mume wangu. Baba yangu hajawahi kulifunga bure."

Alinishika mkono, "Baba mdogo, mwangalie baba," akaondoka na sanduku kichwani kuelekea kituoni. Watu wakatazama ardhi. Mkwe alifungua fundo, akakitupa kitambaa kwenye vumbi, akapanda. Taratibu akashika kioo cha pembeni.

"Mwanangu, shuka."

"Shikamoo, baba. Naomba nipite." Akautoa mkono wa mzee kwenye kioo, taratibu, kidole kwa kidole, kwa heshima zote. "Atanikuta huko juu namsubiri na chai."

Basi lilimkuta kona ya tatu. Binti ndiye aliyeiona pikapu kwanza, kupitia dirishani: tairi moja imetazama barabara, nyingine imetazama bonde, na pikapu imelala ubavu dhidi ya jiwe. Ilichagua upande wa jiwe. Ingechagua mwingine nisingekuwa na la kuandika ila rambirambi. Godoro lilikuwa limeruka. Lilipatikana mbali chini, juu ya miti. Binti alishuka, akamfunga mumewe mkono uliovunjika kwa khanga yake, na siku yake ya kwanza kazini ikawa hapo, kando ya barabara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Walikosea kiungo tu.

Ungedhani simulizi limeishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Pikapu ilivutwa ikarudishwa chini ya bati. Mkwe, mkono kwenye plasta, alikaa kwenye kreti langu akitoa maelekezo, na marafiki wakachomelea. Taratibu aliwaambia chesisi iliyokatika pale haiungwi, hubadilishwa. Kipande kile sasa ni cha kutengenezea mguu wa meza. Walimwitikia, "Ndiyo, mzee," na cheche zikaendelea. Kisha tupa, msasa, puti, rangi. Rangi ya chungwa, ikang'aa mpaka unajiona. Huwezi kupaona palipounganishwa. Taratibu alipitisha kidole akitafuta, na kidole chake, kilichokuwa kikisoma chuma kama mimi ninavyosoma gazeti, hakikupaona.

"Nyinyi msihangaike," mkwe alisema. "Mke wangu hataki kuipanda, basi. Naiuza."

Usiku huo sijui nani alilala katika nyumba ile. Alfajiri kitambaa kilikuwa kwenye usukani tena. Mzee alikuwa amekiokota vumbini siku ile.

Mnunuzi alikuja mchana na mkewe na mtoto wa kike wa kama miaka minne. Seremala, mtu mkunjufu, ana maranda ya mbao kwenye nywele. Alitaka ya kubebea vitanda. Alipapasa rangi akacheka peke yake kwa raha.

"Haijawahi kugongwa?"

"Itazame mwenyewe, kaka," mkwe akajibu.

Taratibu akasogea. "Usiichukue, mwanangu. Chesisi yake imeungwa pabaya. Ilimtupa huyu huyu. Muulize mkono wake."

Seremala akautazama mkono wa mkwe. Mkwe akatabasamu kwa huruma, akamvuta pembeni, lakini nilisikia kila neno.

"Mzee ameiweka hapa miaka mingi. Ilikuwa inamkumbusha marehemu mkewe. Kila anayekuja anamwambia hivyo hivyo."

"Aaah." Seremala akarudi, akamshika mzee bega kwa kiganja kizito cha kazi. "Usijali, baba. Nitaitunza kama ulivyoitunza wewe. Siku moja moja nitakuletea uione."

"Hunisikii," Taratibu alisema. "Mimi siililii gari."

"Najua, baba. Najua."

Mimi nami niliongea. Nilieleza ufa, puti, kona ya tatu. Seremala alinisikiliza kama unavyomsikiliza jirani wa mfiwa, akitikisa kichwa. Mtoto alikuwa ameshapandishwa katikati ya kiti, miguu haifiki sakafu. Baba yake akaketi kwenye usukani, akakiona kitambaa.

"Na kitambaa cha kufutia mmeniwekea!"

Akalifungua lile fundo kwa meno, akafuta vumbi kwenye kioo cha mbele, upande wake, kisha upande wa mkewe, kwa uangalifu wa mtu anayependa kitu kipya. Akampa mtoto achezee. Mtoto akakipeperusha dirishani walipotoka getini, akituaga.

Mkwe aliingia ndani. Mimi na Taratibu tulibaki getini tukisikiliza ile ekzosi ikishuka mtaa, ikikata kona ya duka, ikianza kupanda. Baadaye mimi sikuisikia tena. Nikamwambia, twende tukae. Alinyoosha kiganja akanizuia. Alikuwa bado anaisikia.