Karatasi Zilizokuwa Kotini

Harufu ya naftalini ikinigusa pua, hunirudisha Likoni, chumbani kwetu, mwaka ule aliofariki baba. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alizaliwa papo hapo Likoni. Mimi nilizaliwa Tanga, kwao mama, na hakuna aliyewahi kuniandikisha upande huu wa mpaka. Kitambulisho chake na cheti chake cha kuzaliwa baba alivitia kwenye mfuko wa ndani wa koti la kijivu, akaufunga kwa pini, kisha akalilaza koti sandukuni. Pini ile nilimshikia mimi.

Arubaini ilipokwisha, shangazi, dadake baba, alilifungua sanduku ili nguo za marehemu zitolewe sadaka, kama ilivyo ada. Koti lilimwangukia mzee muuza maji aliyesukuma mkokoteni mtaani kwetu. Nilimpelekea mimi mwenyewe, akaniombea dua ndefu, nikarudi nimejaa furaha. Nilipofika mlangoni ndipo nilipoikumbuka ile pini.

"Mama, karatasi za baba zimo kotini."

Mama, aliyekuwa bado edani na hawezi kutoka, alimtazama shangazi.

"Wallahi hatwendi kumpekua mtu sadaka tuliyompa," shangazi akasema. "Watu watatuonaje? Na marehemu karatasi azitakia nini?"

Mama akanyamaza. Nilimkasirikia kwa kunyamaza kule, na hasira ile haijanitoka hadi leo.

Msimu mzima wa kiangazi koti lilipita mlangoni petu kila asubuhi. Nilimwamkia yule mzee shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwanangu," nami macho yangu yako kifuani pake, nikijua pale ndani pana jina la baba. Nilitaka kumwuliza, ulimi ukawa mzito kwa haya. Mvua zilipoanza, maji yakakosa wanunuzi, mkokoteni haukuonekana tena. Hakuna aliyejua kwao.

Sasa nina miaka thelathini na mbili, na kitambulisho sina. Ofisini huniambia kwa upole nilete kitambulisho cha baba, au cheti chake, au hata namba yake tu. Wazee waliomjua, ambao wangenishuhudia, wamezikwa mmoja mmoja. Shangazi hulia akisema angejua, angemkimbilia yule mzee miguu mitupu. Mimi siku zile niliona haya kuomba mara moja, kwa mtu mmoja mpole. Leo naomba kila dirisha, sioni haya tena, na wa kunipa hayupo.