Kitabu Nilichokisoma Chote Siku ya Kukiuza

Mpwa wangu ananiuliza bei. Ana blogu yake ya mapishi na malezi, wasomaji wanamwandikia chini "mashallah, endelea dada," na sasa amekusanya makala zake akatengeneza kitabu pepe. "Abti," yaani mjomba, ananiambia kwenye simu, "nikiweke bei gani? Na siku ya kukizindua niwape watu sura ngapi za bure?" Nilicheka kicheko kibaya mpaka akauliza kama nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika, ndiyo, ila si kwa sababu yake. Niliwakasirikia watu wa miaka ya tisini, nami nikiwa mmoja wao.

Sisi hatukuwa na blogu. Mimi nilikuwa na ukuta.

Ulikuwa ukuta wa hoteli ya chai mjini Garissa, upande wenye kivuli. Mchana nilikuwa karani wa ghala. Kila Ijumaa kabla ya swala nilibandika pale karatasi ya manila niliyoiandika kwa kalamu nene: punda aliyeingia ofisini akala barua za watu, bwana harusi aliyesinzia kwenye lori la mifugo akapitilizwa harusi yake, mambo kama hayo. Niliandika Kiswahili kwa sababu ndicho walichokisoma walimu, askari na madereva. Kisomali nilikizungumza tu, kukiandika sikufundishwa. Watu walisoma wakinywa chai, halafu wakaandika maoni chini kwa penseli. "Uongo mtupu." "Wewe una wazimu, endelea." Siku moja mtu akaandika: "Toa kitabu, tutanunua wote." Wengine wakatia alama ya vema chini yake, msururu mzima. Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikaiamini penseli.

Kutoa kitabu wakati ule maana yake ni karatasi, stensili na wino, na vitu hivyo mjini kwetu viliuzwa ghali kama dawa. Mshahara wangu haukutosha hata jalada. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa malishoni Balambala.

Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, siku ileile ya kufungwa kitovu anatengewa mtamba wa ngamia. Huyo ni wake, na watakaozaliwa ni wake. Akiwa mkubwa, hata akienda mjini kuvaa suruali na kuhesabu magunia, kundini bado ana mguu wake. Wangu waliongezeka, kisha ukame ukawapunguza, ukawapunguza tena, akabaki jike mmoja tu, mweupe, mkali, mpiga mateke. Alikuwa kwa adeer wangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyelichunga kundi la ukoo.

Nikapanda lori nikaenda kumwomba. Alinisikiliza hadi mwisho, akinikodolea macho.

"Adeer," akasema, maana kwetu baba mdogo humwita mtoto wa kaka yake kwa jina hilohilo analoitwa yeye, "unataka kumgeuza ngamia awe karatasi?"

"Karatasi zitageuka ngamia tena. Na hela ya sukari itabaki."

"Nani kakuambia?"

Ningemjibu nini? Penseli? Nikamwambia watu wameahidi.

Akachora chora mchanga kwa fimbo yake. Mwisho akasema, "Ni wako, sina la kukukataza. Ukirudi na jike mwingine kabla ya mvua, hakuna atakayefungua kinywa. Usiporudi naye, utajua mwenyewe utakuwa nani hapa." Sikuyafikiria mara mbili maneno hayo. Asubuhi yake ngamia alikwishatiwa kamba, na dalali akaondoka naye. Hakugeuka kunitazama, na kwa nini anitazame.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili kutoka pwani, alinirekebishia maandishi na kunipigia stensili kwa taipu. Kisha tukazungusha mkono wa mashine ya kudurufu katika duka moja la vifaa vya ofisi hadi mikono ikawa myeusi mpaka viwikoni. Tulipanga kurasa sakafuni, tukazibana kwa stepla, tukatia jalada la manila. Makala ya mwisho ilikuwa juu ya yule ngamia. Niliiandika baada ya kumuuza. Mwalimu alipoisoma alivua miwani, akaniambia, "Bwana we, hii imenishinda." Nikafurahi kama mtoto wa Idi.

Ikaja bei. Lo, hapo ndipo tulipogombana. Mwalimu alitaka tupige hesabu ya karatasi na wino, tuongeze kidogo. Mama mwenye hoteli akasema kisizidi chai na mandazi, ili mtu ajinyime kifungua kinywa kimoja tu. Mimi kichwa kimevimba, nikasema kiwe bei ya kilo ya sukari, kwa kuwa hakuna nyumba Garissa inayokosa kununua sukari.

"Sukari inaingia kwenye chai," mama akasema. "Kitabu chako kinaingia wapi?"

"Kichwani!"

"Haya. Tutaona wangapi wana vichwa."

Nikaichapa bei juu ya jalada, kubwa, kama ilivyo kwenye vitabu vya shule. Bei iliyoandikwa, katika mji unaoishi kwa soko la mifugo! Mtu wa kwanza kukishika alikipima uzito mkononi. "Hii kitabu, bei ya mwisho ngapi?"

"Imeandikwa hapo."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi futa, tuongee."

Uzinduzi niliuweka siku ya soko, palepale hotelini, ili walioshuka na mifugo wawepo. Wakaja, wallahi wakaja. Walijaa mpaka barabarani: madalali, wachungaji, makarani, wanawake wa maziwa wamesimama upande wao. Adeer naye alikuja na mbuzi wake wa kuuza, akakaa mbele kabisa, shuka begani, akiwaambia watu, "Huyu ni wetu." Mpango wangu na mwalimu ulikuwa nisome makala moja tu, ya punda, nifunge kitabu, niseme yaliyobaki yako humu, karibuni mnunue. Ulikuwa mpango mzuri.

Nikasoma ya punda, kwanza kwa Kiswahili, kisha nikaieleza kwa Kisomali kwa ajili ya wasiosoma. Wakacheka hadi chai ikamwagika. Nikafunga kitabu.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wakaanza kutazamana.

"Warya!" adeer akaniita kwa sauti ya chini, uso umemwiva. "Umewaita watu hadi mlangoni kwako, halafu unawapa nusu kikombe? Unanivua nguo?"

Nilimtazama mwalimu, akawa anatikisa kichwa, usithubutu. Lakini mwalimu alikuwa mtu wa pwani. Kwetu maneno mazuri ni chakula, na mgeni hapimiwi chakula. Ningesimama vipi mbele ya baba mdogo, mbele ya ukoo, nikawaambia kilichobaki mkilipie? Nikafungua tena. Nikasoma ya bwana harusi. Nikasoma zote. Walipiga makofi, wakamtaja Mungu, wakanirudisha nyuma: rudia hapo, rudia tena. Nami nikarudia, kichwa kinanizunguka kwa sifa. Nilipofika kwa ngamia, hata madalali waliweka fimbo zao chini. Mwanamke mmoja wa maziwa alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kisha nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba vitabu viko mezani.

Wakanikumbatia. Wakaniombea umri mrefu. Mmoja mmoja wakaipita ile meza wakaenda zao sokoni. Dalali mmoja nilimshika mkono: "Na kitabu je?" Akanicheka kwa upendo kabisa, akagonga paji la uso wake. "Nimeshakishika." Akaanza ya punda, neno kwa neno, kwa Kisomali kizuri kuliko changu, akaimaliza. Hawa ni watu waliokuzwa kwa kusikia. Shairi refu wanalibeba kutoka kisima hadi kisima bila kulidondosha neno, na mimi niliwarudia mara tatu ili wasikose kitu! Mwalimu alinunua kimoja. Mama mwenye hoteli akanunua kimoja, na askari mmoja aliyechelewa kufika. Vingine nilivirudisha ghalani kwa mkokoteni.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwongo mkubwa aliyesema hivyo. Changu kilikuwa kizuri na kilijitembeza, tena bila nauli. Siku moja nilikaa hotelini karibu na msafiri aliyetoka Eldas, kaskazini kwa mbali, mtu nisiyemjua, akawasimulia wenzake habari ya ngamia mweupe. Nilivumilia nikashindwa. "Hiyo ni yangu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeiandika."

"Yako vipi? Hiyo ni ya Eldas, ya zamani."

Nikaanza kumsimulia mwanzo wake ili nimthibitishie, akanikatiza. "Hapana, hapo umekosea," akasema, akanirekebisha. Wenzake wakamuunga mkono. Na ubaya zaidi, palikuwa pazuri zaidi alivyopasema yeye. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya hoteli, nikalia kwa hasira, mtu mzima na ndevu zangu. Mwalimu alijaribu kunituliza, akasema hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo mtunzi anaweza kuipata. Nikamjibu kwamba heshima haikamuliwi.

Mvua ikanyesha. Mvua njema, ile ambayo watu huiomba. Kila wingu lililokuja mimi nililiona kama mdai, nami sikuwa na jike wala mwana wa jike. Vitabu vilibaki ghalani vikila vumbi.

Nikaenda Balambala hivyohivyo, mikono mitupu. Nilitarajia matusi, na nilikuwa nimeyaandalia majibu. Hakuna aliyenitukana. Watoto wa adeer walinikimbilia wakanisimulia ya punda kwa pamoja, wakiruka. Nilitandikiwa mkeka mzuri.

Asubuhi ngamia walipoletwa kukamuliwa, niliinuka kama kawaida yangu, nikanyoosha mkono nichukue chombo. Kwetu watu wa boma hukamua wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, na hawanywi mpaka wageni wamekunywa. Tangu utotoni mimi nilikuwa nikinywa mwisho, pamoja na wenye kundi.

Adeer alikiondoa kile chombo mkononi mwangu, polepole, bila ubaya wowote. "Kaa, adeer," akasema. "Mgeni hakamui."

Akamkamua ngamia wake mwenyewe, akaniletea maziwa yenye povu, akasimama na wanawe kungoja nimalize. Nikanywa wa kwanza.