Nilivyokosa goli kwa kugonga mguu wangu mwenyewe

Wakuu, za Jumapili.

Naandika nikiwa na malengelenge viganjani, herufi zikirukwa mnivumilie. Chumvi sijaongeza, aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni fundi simu hapa Moro mjini. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya bodaboda kuteleza na mimi barabara ya Matombo, natoka ukweni na mkungu wa ndizi.

Ndizi zilifika salama.

Nikapata mguu wa bandia. Aisee, niliuficha kuliko watu wanavyoficha michepuko! Nikahamisha hadi kibanda cha kazi, nikaanza na wateja wasionijua. Suruali ndefu, soksi, raba, na joto la Moro mnalijua. Wakiuliza mbona nachechemea, nasema nimeteguka. Mwaka mzima mtu kateguka!

Na zamani nilikuwa winga bwana, tena winga wa mdomo. Sasa nikisikia mpira unapigwa nje, nafunga dirisha.

Wife akachoka. "Baba Neema, umekatwa mguu mmoja, wewe umejizika mzima."

Iliniuma, nikasusa hadi chai.

Ila ndiye aliyenikokota kwa jamaa wanaocheza mpira kwa magongo, kila mmoja mguu mmoja. Kapteni wao, Chande, akaitazama suruali yangu.

"Kaka, vua mguu. Huku wa bandia hauruhusiwi."

Mbele za watu! Pembeni kuna wauza miwa, akina mama, na wateja wangu kabisa. Nikamwangalia wife aniokoe, kanigeuzia mgongo makusudi.

Nikavua.

Sasa goli la upande mmoja lilikosa mlingoti mmoja. Chande bila hata kuniomba akauchukua mguu wangu, na raba yake, akausimamisha pale. Mlingoti huo.

Mpira wenyewe sasa! Gongo likigusa mpira, umeunawa. Niliunawa mpaka refa akachoka kupuliza. Nikipiga naanguka, nikiinuka naanguka, mikono ganzi, kifua kinawaka.

Mwishoni nikabaki mimi na kipa tu, naye kwa sheria yao ana miguu yote ila mkono mmoja. Nikaachia shuti la maana.

Likagonga mguu wangu. Mguu chali, mpira nje.

Halafu mteja mmoja akapaza sauti: "Fundi, si ulisema umeteguka?"

Uwanja ukaangua kicheko. Na mimi nikajikuta nacheka, nimelala kwenye nyasi, machozi yananitoka. Tangu hospitali sikuwahi kucheka vile. Nilipoinua kichwa, wife alikuwa ameshageuka, anacheka huku anajifuta macho.

Nilichojifunza ni kwamba ile siri iliyokuwa inanila, watu waliitazama mara moja tu, wakarudi kunizomea kwa kukosa goli. Siku hizi kibandani nakaa na kaptula, na mazoezini siku nisipokwenda naumwa.

Haya, mnaojificha kama mimi njooni tuongee, na wa kucheka mcheke. Ila wataalamu wa mpira nisaidieni: mguu ni wangu, nimeuangusha mwenyewe, kwa nini lisiwe goli?