Ukuta wa Chumba cha Transfoma

Yaya yangu, kaka aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha shaba kwenye barabara ya Kipushi. Mimi nilifanya kazi humo humo, kwenye matangi ya asidi. Meza yake iliegemea ukuta wa chumba cha transfoma, na alikaa hapo miaka mingi. Ukipita hapo karibu na nyaya nene zilizopeleka umeme kwenye matangi, ulihisi funguo zikivutwa mfukoni.

"Umeme iko nakuita, mudogo," aliniambia siku yangu ya kwanza, tukacheka.

Kisha akaanza kuchoka. Tulidhani ni malaria, akatibiwa malaria, lakini fizi zikawa zinatoka damu. Hospitalini wakasema ni kansa ya damu.

Mke wake akauliza mbele yetu sote, "Dokta, ni ile umeme ya kazi njo ilimupatia hii ugonjwa?"

Daktari alikuwa kijana mpole. "Mama, kuna wataalamu wanaoshuku hivyo, lakini hakuna aliyethibitisha. Kwa huyu baba, siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana."

Nilikwenda kwa mkuu wa wafanyakazi kiwandani.

"Daktari akisema ni kazi, tutazungumza," akasema.

"Daktari anasema hajui."

"Basi na sisi hatujui."

Nikaomba angalau waje kupima nguvu ya sumaku kwenye kile chumba. Akajibu kwamba hawana kifaa cha kupimia, akashika simu yake.

Dawa aliyohitaji yaya haikupatikana hapa. Madaktari walitutajia hospitali ya ng'ambo ya mpaka, lakini pesa za kwenda huko hatukuwa nazo. Wakaendelea kumwongezea damu, na yangu ikiwemo. Kila mara alichangamka kidogo, halafu akarudi kule kule.

Mchana mmoja alinishika mkono. "Kama ingekuwa jiwe iliniangukia, mungejua ya kuambia batoto," akasema.

Alifariki juma lile.

Kiwandani waliajiri fundi mwingine, baba wa watoto wadogo. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama mahali pale ni pa hatari, nikamwambia sijui. Akanishukuru, akafungua droo ya ile meza, akapanga zana zake.

Siku hizi nikitoka kanisani hupita mtaa wa Hewa Bora kumsalimia shemeji. Ananiwekea chakula, ananiuliza kama kiwandani wamesema kitu. Namwambia hapana. Watoto wananitazama usoni, nami naendelea kula.