Nyayo Zilizofagiliwa

Mwamvua wa mtaa wa Ngokolo, muuza vitenge, hakuwa mtu wa porini. Alianza kutembea kwa sababu presha ilimpanda na daktari akamwambia afanye mazoezi. Akaingia kwenye kundi la watembeaji wa mjini, ambao kila wiki hupewa mada moja ya kupigia picha huko wanakopita. Wiki ya kivuli alipiga kivuli cha punda. Wiki ya rangi nyekundu alipiga pilipili za gengeni, akachekwa. Alinuna, kisha akaapa kwamba wiki inayofuata atawafunga midomo.

Mada ikawa nyayo, naye siku hizo alikuwa Bugarama kwa binti yake Zuhra, ambaye mumewe anafanya kazi mgodini. Zuhra alimsihi asitoke peke yake, watu hawajamzoea. Mwamvua akajibu kuwa yeye ni mtu mzima, akajitanda mtandio, akaondoka na simu yake.

Nje ya makazi, kwenye mchanga wa korongo, akakuta alichokitaka: alama za kwato za ng'ombe, zimekolea vizuri kwa unyevu wa asubuhi. Akapiga picha. Majani makavu yalimharibia, akavunja tawi akafagia. Akapiga tena, akasogea, akafagia mbele zaidi, mpaka korongo likawa safi kama uwanja wa sherehe na nyayo nyingi zikaenda na majani. Hilo halikumsumbua, alishapata zake.

Ndipo likapigwa yowe, lile ambalo Wasukuma huliita mwano. Likadakwa huku, likadakwa kule. Mtu wa huko akilisikia hutoka mbio kulifuata hata kama ana tonge mkononi, maana anayebaki nyuma huonekana ni mwenzake mwizi. Mwamvua alilijua hilo kwa kusikia tu, na la kusikia halisaidii moyo unapodunda hivyo. Akafanya kosa baya kuliko yote: alijificha kichakani, tawi bado liko mkononi.

Walimkuta hapo hapo. Kundi zima la sungusungu, walinzi wa kijiji, wenye fimbo na mapanga, na pamoja nao mjane mmoja, Philomena, ambaye ng'ombe wake wawili walikuwa wameibwa usiku. Walikuwa wanafuata nyayo, na nyayo zimefagiliwa.  Mwamvua alitaka kueleza habari za picha na mada, lakini hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyo ya kipuuzi. Nani hufagia kwato za ng'ombe ili apige picha? Kijana mmoja, Abel, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote kwamba huyu ni wa wezi, apigwe aseme.

Kamanda wao, mzee Mwigulu, akainua mkono, akaitaka simu. Akazikuza picha kwa vidole viwili. Philomena akachungulia, akautambua ukwato uliopasuka wa ng'ombe wake, akalia. Kisha kamanda akaona kingine: pembeni ya kwato, alama ya katambuga, kiatu cha tairi, kisigino kimemeguka upande. Akaanza kutazama miguu ya watu wake, mmoja mmoja. Akaishia kwenye katambuga za Abel.

Abel akasema alipita hapo alfajiri, akitangulia kutafuta. Hakuna aliyemsikiliza. Fimbo zilizomwelekea Mwamvua zikageukia kwake, na kamanda akamrudishia mama simu, akamwambia aende zake.

Angeweza kwenda. Ningekuwa mimi, ningefika Ngokolo bila kugeuka nyuma. Lakini aliuona uso wa yule kijana, akaujua, maana muda si mrefu uliopita ulikuwa wake.

"Baba, picha haisemi alipita lini," alisema. "Mwizi angekanyaga hapo, na anayemfuata mwizi angekanyaga hapo. Hata viatu vyangu vimo. Mkimpiga huyu, nipigeni na mimi."

Akajuta papo hapo. Mwigulu alifikiri, kisha akaamuru wote wawili watangulie, nyayo zifuatwe kuanzia pale Mwamvua alipoishia kufagia. Zikipotea, wao ndio watakaojibu.

Wakatembea. Mwamvua alisoma kila dua aliyoijua, akazirudia. Kila penye mawe nyayo zilififia, na nyuma yake alisikia fimbo zikibadilishwa mikono. Hatimaye zikawafikisha kwenye kambi ya wachimbaji wadogo. Nyuma ya banda la nyama ng'ombe mmoja alikuwa amefungwa mtini. Wa pili ilibaki ngozi mbichi chini. Mwenye banda akamtaja aliyemuuzia. Hakuwa Abel.

Philomena alimkimbilia ng'ombe wake. Abel alikuja mbele ya Mwamvua, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Tangu wamkute kichakani hakuna aliyekuwa amemsalimia. Mwamvua akafungua kinywa aitikie, meno yakagongana, marahaba ikakataa kutoka.