Mama Mukwe Ameonja Absinthe, Sasa Anataka Kumufuata Bwana Yangu Walikale

Admin, nakuomba ufiche jina langu, watu wa hapa tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina watoto wawili, nimezaliwa Muheto kule Masisi. Kwa sasa niko Sake pamoja na watoto na mama aliyemuzaa bwana yangu. Vita njo ilituleta huku.

Bwana yangu, tumuite Papa Furaha, alikuwa anafanya biashara ya mafuta ya mawese. Anayanunua Walikale, anayapandisha Masisi. Safari yake ya mwisho, vita ilifunga barabara nyuma yake. Huku kwetu nako risasi zikaanza, kila muntu akakimbia upande wake. Tukatelemka Sake na godoro moja. Yeye hatukumuona tena, na simu yake ikawa haipiti.

Mama mukwe hakulia. Alikuwa anasema tu, "Mutoto wangu anajua pori. Atatokea." Kuna shati moja ya Papa Furaha tuliyokimbia nayo. Anaifua, anaianika, anaikunja, hata kama hakuna aliyeivaa.

Kisha, si zamani, nikiwa sokoni nanunua sombe, majani ya muhogo, mwanaume mumoja akanisimamisha.

"Dada, wewe njo bibi ya Papa Furaha?"

Nikamujibu ndiyo. Akavua kofia. Akanieleza kwamba walikuwa wanafanya biashara ya mafuta pamoja, wakakutana na mapigano kabla ya kufika Walikale. Papa Furaha akapigwa risasi ya tumbo. "Tulimuzika sisi wenyewe karibu na muto, tukamusomea sala. Pole sana, dada." Nilitaka kumuambia amekosea muntu. Lakini alitaja kovu ya kidevuni, na kidole cha mukono wa kushoto kisichokunjika. Alikuwa ni yeye.

Nikarudi nyumbani, nikamukuta mama mukwe anachagua maharagi, anaimba polepole. Sikuweza. Mama huyu ana tansion, damu inapanda. Alishaanguka mara moja, na muganga wa kituo cha afya alinivuta pembeni akaniambia, "Huyu mama, mumuchunge na habari mbaya. Inaweza kumumaliza." Basi nikanyamaza. Nalia nikienda kuchota maji, nanawa uso, ninarudi.

Vita ikatulia kidogo, watu wakaanza kupanda Muheto kuchimba viazi vilivyobaki mashambani. Tukaenda mimi na mama mukwe, watoto tukawaacha kwa jirani. Nyumba tuliikuta haina mulango, haina mabati. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa umeanguka. Nilipokuwa natoa udongo, mukono wangu ukagusa kitu kilichofungwa mu pulover, sweta ya zamani ya bwana yangu. Chupa. Nzima kabisa, pombe ya rangi ya majani, na juu yake imeandikwa Absinthe.

Nikaketi chini. Niliikumbuka. Muzungu mumoja muzee mwenye ferme, shamba ya ng'ombe, alimupa Papa Furaha siku alipokuwa anahama, kwa sababu alimutengenezea paa vizuri. Bwana yangu akasema hii hatutaigusa mpaka siku padri atakapobariki ndoa yetu. Ng'ombe za mahari alikuwa ametoa, kanisa njo ilikuwa inabaki. Mimi nilifikiri waporaji waliibeba zamani.

Mama mukwe akasema, "Fungua."

"Mama, alisema ni ya siku ya ndoa."

"Tukiiacha, askari wataikunywa. Fungua, binti yangu. Akirudi nitamuambia ni mimi nilikutuma."

Tukaimimina kidogo mu kopo, tukaongeza maji ya kijito. Ile rangi ya majani ikageuka nyeupe mbele ya macho yetu. "Eh! Imekuwa maziwa!" Mama mukwe akacheka. Tangu tukimbie sikuwa nimemusikia akicheka. Akaonja, akafumba macho. "Iko chungu, tena iko tamu. Mutoto wangu alificha kitu!"

Mimi pombe yangu ni kasiksi ya ndizi tu, siku za karamu. Ile kitu iliniunguza koo, ikanuka kama bonboni za kikohozi, kisha uchungu ukabaki kwenye ulimi kama yale majani tunachemsha kwa malaria. Machozi yakaanza na hayakusimama. Mama mukwe alifikiri ni ukali wa pombe. Akanipiga mugongoni, anacheka, "Polepole, Mama Furaha, si maji hii!" Niliona kwamba pale njo nilikuwa namufanyia bwana yangu matanga, peke yangu, na mama yake iko anacheka kando yangu.

Alipotua kopo akasema, "Sisi tunamungoja kama wageni. Mimi nitamufuata."

Nilifikiri ni pombe inasema. Hapana. Ameuza kuku zake, ameongea na motari wa kumufikisha Masisi na pikipiki, kutoka pale atatembea na wafanyabiashara mpaka Walikale. Anaondoka juma pili, baada ya misa. Watu wanaotoka kule wanasema mapigano yameanza tena. Nilipomukataza, aliniangalia sana. "Wewe umechoka kumungoja? Kama umepata mwingine, niambie."

Nikimuambia ukweli, labda ataanguka mbele ya wajukuu wake. Na akipona, ataniuliza kwa nini nilimuacha acheke siku ile. Nikinyamaza, atakufa njiani akimutafuta muntu aliyezikwa.

Jana alikuwa ananisuka nywele. Akaniuliza, "Nikimukuta, nimuambie nini kutoka kwako?"

Nikamujibu, "Mumuambie watoto wameanza kusoma."

Baba na mama zangu, kaka na dada, juma pili iko karibu. Nishaurini, nifanye nini?