Mgonjwa wa Asubuhi

Wateja wa saluni walimpachika msusi wao jina la Twiga, kwa sababu shingo yake ilisimama wima, haikugeuka. Ukimwita, msusi yule aligeuza mwili mzima, kama kabati linalohamishwa na watu wawili. Wasiomjua walidhani anaringa, wakanuna. Waliomzoea walicheka naye, maana mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko hata vidole vyake.

Baridi yabisi ilimwingia kwenye uti wa mgongo akiwa bado binti. Daktari alimweleza kwamba pingili zinaungana polepole, na kwamba kulala ndiko kunakomkaza, ilhali akitembea analainika. Kwa hiyo kila asubuhi aliamka gogo. Alibingirika hadi ukingoni mwa kitanda, akashuka kwa magoti, akajiinua kwa kushika droo za kabati, jasho likimtiririka. Kufikia mchana yuko saluni, anasuka na kutania watu.

Mama mkwe alipokuja kukaa naye na mumewe, aliyaona yote mawili, akayajumlisha anavyojua yeye.

"Ugonjwa gani huu unaopona chai ikishachemshwa na mwingine?" alimuuliza mwanawe.

"Ndivyo ulivyo, mama. Daktari alisema."

"Daktari haishi humu ndani. Naishi mimi."

Mume akacheka kidogo. Msusi, aliyekuwa chumba cha pili, alikisikia kile kicheko, kikamchoma kuliko maneno yenyewe. Tangu siku hiyo mume akaacha kumkanda mgongo alfajiri.

Jumapili moja kulipopambazuka, mama mkwe alimwamsha mwanawe kimyakimya, akamsimamisha koridoni ajionee kwa macho yake kama mkewe kweli hawezi kuamka. Akawasha magazeti ndani ya sufuria kuukuu, akaisogeza mlangoni mwa chumba, moshi ukapenya, kisha akapiga kelele.

"Moto! Nyumba inaungua!"

Msusi hakubingirika. Alijirusha. Mguu ukanasa kwenye shuka, akaenda kichwa mbele hadi kwenye kabati. Wote wawili waliusikia mlio, mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini.

Hospitalini waliambiwa mifupa iliyoungana namna ile huvunjika kama chaki. Shingo ilikuwa imevunjika. Kuanzia mabegani kwenda chini, hakuna kitu.

"Lakini aliruka," mama mkwe alisema, wamekaa kwenye benchi. "Si ulimwona? Aliruka."

"Nilimwona," mwanawe akajibu.

Siku hizi msusi anakaa sebuleni, kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa mkanda kifuani asidondoke. Mama mkwe hakurudi kwao. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemgeuza, anayemlisha. Wageni wakija, huwaambia kwamba mkwe wake aliteleza akitoka kuoga. Mara ya kwanza msusi alibisha, tena mbele za watu, kwa sauti. Siku ile kijiko hakikumfikia mdomoni mpaka jioni, na mume alipita mara mbili akielekea jikoni, asimtazame.

Sasa mgeni akiingia tu, kabla hata hajakaa, msusi humwahi.

"Niliteleza," anasema.